Kiangazi Hiki Vuka Maji Ukaponde Raha Pemba, Uchawi Waachie Wenyewe

"Pemba?" aliniuliza mshikaji wangu mmoja wa Magomeni, soda ikimkwama kooni. "Umekosa pa kwenda mpaka ukarogwe kwa nauli yako mwenyewe?"

Hiyo ndiyo salamu utakayoipata hapa Dar ukitamka jina la kisiwa kile. Ungesema Dubai, wangekuagiza manukato. Ungesema Unguja, wangekuuliza unafikia hoteli gani. Lakini Pemba! Watu wanakuangalia kama umeshaaga.

Basi msomaji wangu, mie nimekwenda, nimekaa siku tisa, na nimerudi na viungo vyangu vyote pamoja na kilo mbili za ziada tumboni. Januari hii, wenye mkwanja wao walipokuwa wamepanga foleni ya viza, mie nilivuka maji nikiwa na kitambulisho cha taifa mfukoni na begi moja begani. Ni ng'ambo pia ile, usinicheke. Umevuka bahari, umekuta rais mwingine ukutani, sikukuu ya Mapinduzi tarehe 12, na Kiswahili ambacho wewe mtoto wa Kinondoni inabidi ukisikilize mara mbili ndipo kiingie. Kama hiyo si nje ya nchi, basi ni mlangoni kabisa.

Kabla sijafika mbali nitoe siri moja. Mama yangu ni Mpemba. Nilipokuwa shule ya msingi, mtoto mmoja aliumwa tumbo akamwambia mwalimu kwamba ni kwa sababu amekaa dawati moja na mimi. Darasa zima likaangua kicheko, mwalimu naye akacheka. Toka siku ile nikawa "mtu wa Tanga" mpaka nikamaliza kidato cha nne. Mama alijua. Hakusema kitu.

Na safari hii nusu ya nauli aliitoa yeye, kwa sharti. Anayo mikarafuu yake kule, kumi na moja, fungu lake la urithi kutoka kwa babu. Mjomba alikuwa ameleta habari kwamba amepatikana mtu anayetaka sehemu ile, aikate miti ajenge nyumba. "Nenda ukaone kwa macho yako," mama akaniambia, "kisha uniambie wewe, tuuze au tusiuze." Sikificha kitu, mie nilishapiga hesabu zangu kabla hata ya kufunga begi. Fungu lile lingetosha kufungua saluni ya kiume pale mtaani, viti viwili na kioo kirefu. Kwa hiyo nilikwenda likizo na jibu tayari mfukoni.

Tuanze na maji yenyewe. Boti ya asubuhi ilinitoa Dar mpaka Unguja, nikashinda Darajani nikijipigia urojo, na usiku nikapanda meli ya Pemba. Ziko boti za mchana zinazokimbia, na ndege ndogo pia zipo, lakini mtu wa mfuko wangu hupanda ya usiku, analala juu ya mkeka aliokuja nao, kati ya magodoro, matenga ya nyanya na jogoo wa watu. Mambo yalikuwa poa mpaka tulipoipita Nungwi. Hapo kuna mkondo, usiombe. Meli ikaanza kuinama na kuinuka, urojo wangu nao ukaanza kudai kurudi Darajani. Bibi mmoja aliyekaa jirani yangu akanipa ndimu iliyokatwa, akaniambia, "Inuse hiyo mjukuu wangu, na usitazame chini."

Baadaye kidogo kelele zikapungua humo ndani. Wazee wakawa wanasoma dua kwa sauti ya chini. Nikamuuliza bibi kuna nini. "Hapa ndipo," akasema.

Wengi wetu tunaikumbuka habari ile. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama kwenye mkondo huu ikitoka Unguja kwenda Pemba, imejaza watu kuliko uwezo wake. Miili iliyopatikana ilikuwa 203, na tume ya uchunguzi ilikuja kutaja zaidi ya watu 1,300 ambao hawakuonekana tena. Kwetu Dar ilikuwa habari ya kwenye redio ya wiki mbili hivi. Kwa bibi huyu haikuwa habari ya redio. "Mie nnao wangu watatu humu," akasema, akiashiria gizani kwa kidevu, kisha akaendelea kumenya chungwa lake na akanikatia nusu. Sikutapika tena usiku ule. Niliona haya.

Alfajiri ukiamka unaiona. Waarabu wa zamani waliita Al-Jazira al-Khadhra, yaani kisiwa cha kijani, na hawakuzidisha chumvi. Unguja ni tambarare, lakini Pemba ni vilima juu ya vilima, na kila bonde lina mpunga chini na minazi pembeni. Meli inatia nanga Mkoani, mji mdogo wa kusini uliokaa mteremkoni kama watu waliopanga kuangalia mpira. Ukishuka, panda gari ya Chake. Watu watakusalimia wote, na wewe salimia. Ukiingia kwenye gari kimya kimya kama ulivyozoea kuingia daladala ya Mbagala, watakuona mgonjwa.

Mjomba alinipokea Chake Chake. Mara ya mwisho kuniona nilikuwa nanyonya. Akanishika kichwa, akakigeuza huku na huku kama mtu anayechagua tikiti sokoni. "Kichwa cha babaako," akasema, "lakini masikio haya yetu." Nikampa shikamoo, nikamwambia mama anasalimu sana. Kuhusu miti hakuuliza, na mie sikusema. Kwa Wapemba huanzi na shughuli. Unakula kwanza, unalala, unaulizwa habari za kila mtu mpaka mbuzi, halafu siku ya tatu au ya nne mtu anakohoa na kusema, "Sasa lile jambo..."

Basi nikawa nazurura, na hapo ndipo likizo ilipoanza.

Kitu cha kwanza, na kama utafanya kimoja tu basi fanya hiki, ni mchezo wa ng'ombe. Ndiyo, kama wa Hispania, ila wa kiungwana zaidi, maana ng'ombe hauawi. Wenyewe wanasema ni Wareno waliouacha, karne ya 16 na ya 17 walipokuwa wanatamba pwani hii. Hufanyika kipindi hiki cha kiangazi, watu wakiwa wameshamaliza mavuno na wana nafasi, katika vijiji kama Pujini na Chwale. Hauna tiketi wala bango. Unasikia tu sokoni kwamba Jumapili kuna ng'ombe mahali fulani, unadandia gari na kwenda.

Nilikuta uwanja wa nyasi umezungukwa na kijiji kizima. Watoto wamejaa juu ya miembe kama ndege. Kina mama wamevaa kanga mpya za pea, wanaimba na kupiga makofi, zumari inalia, ngoma inajibu. Kisha wanamleta, dume mweusi mwenye nundu kama gunia, amefungwa kamba ndefu inayoshikwa na wanaume kadhaa. Kijana mmoja anatoka na kitambaa, anakwenda mbele yake akicheza, anapiga goti, anamgeuzia mgongo! Dume linakuja. Uwanja mzima unapiga ukelele, kijana anapinda kiuno, pembe zinapita hewani. Wale wa kamba wanavuta, au wanajifanya kuvuta, maana nao wana utani wao.

Mie nikakosea kitu kimoja. Nilisimama mbele kabisa nipate picha, na viatu vyangu vyeupe vya mjini. Kamba ikalegea, dume likaacha mchezaji likaja upande wetu. Wenzangu wakatawanyika kwa utaratibu wa watu waliozoea. Mie nikaruka kwenye shamba la mihogo, kiatu kimoja kikabaki uwanjani. Dume likakinusa, likakidharau, likaondoka zake. Kina mama palepale wakatunga wimbo juu ya mgeni na kiatu chake, wakauimba mpaka jua linazama. Siku iliyofuata nilipokwenda kununua mkate, muuza duka aliniangalia miguuni kwanza ndipo akanisalimia.

Ukiwa Pujini, usiondoke bila kuona magofu ya Mkama Ndume. Hii ni ngome ya karne ya 15, kama kilomita 10 kutoka Chake, na nasema mapema kwamba ukitegemea kasri lenye minara utavunjika moyo. Ni kuta zilizoliwa na mizizi, mahandaki, kisima, na utulivu. Ila hadithi yake, jamani! Jina lenyewe lina maana ya anayekamua wanaume. Inasimuliwa kwamba alikuwa mtawala katili hata akawa anawalazimisha watu wake kubeba mawe ya ngome huku wamekaa chini, wakijikokota kwa makalio. Na alikuwa na wake wawili wasiopatana, basi akajenga ukuta ukakigawa kisima sehemu mbili, kila mke na upande wake, wasionane wanapoteka maji. Nimekaa juu ya ukingo wa kisima kile nikifikiria baadhi ya kaka zetu wa Dar wenye nyumba ndogo, ambao hata ukuta hawajengi.

Wapenzi wa mambo ya kale wana kazi kisiwa kizima. Ras Mkumbuu, ncha ya ardhi iliyoingia baharini magharibi ya Chake, kuna msikiti na makaburi ya nguzo, na wataalamu wengi wanaamini hapo ndipo ulipokuwa mji wa Qanbalu ambao msafiri wa Kiarabu Al-Masudi aliuandika katika karne ya 10. Mtambwe Mkuu, upande wa Wete, mwaka 1984 zilifukuliwa sarafu za kale zaidi ya 2,000, nyingi za fedha, ndogo kama kucha, zilizopigwa hapa hapa pwani na majina ya watawala wetu juu yake. Fikiria, wakati babu wa babu zetu wana noti zao, wenzao wa Ulaya wengi walikuwa bado wanabadilishana mbuzi. (Mjomba ndiye aliyesema hivyo. Mie nimeinukuu tu.)

Sasa tuje kwenye kile mnachotaka kusikia. Uchawi.

Sifa hii si ya jana. Mwandishi wa Kiingereza Evelyn Waugh alipita huku na katika kitabu chake cha mwaka 1931 aliandika kwamba watu walikuwa wakija Pemba kusomea uganga kutoka mbali sana, hata Haiti. Na nani asiyemjua Popobawa? Mwaka 1995, ule wa uchaguzi, hofu ilianzia Pemba ikaruka mpaka Unguja na baadaye ikagusa Dar. Watu wazima waliacha vitanda vyao wakalala nje kwa makundi wakiota moto mpaka kunakucha, maana ilisemekana jini lile hushambulia aliyelala ndani. Jina lake linatokana na kivuli cha bawa la popo.

Basi mie nikaenda kumwona popo mwenyewe. Kidike, kijiji kisicho mbali na Chake, wanakijiji wanalinda miti wanamolala popo wa Pemba, mnyama ambaye hapatikani porini pengine popote duniani. Ni mkubwa, akikunjua mabawa yanapita mita moja na nusu, ana manyoya ya rangi ya kutu na uso kama mbwa mdogo. Chakula chake ni matunda. Zamani alikuwa analiwa, na mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti walihofia kwamba anatoweka kabisa. Vijiji kama Kidike vikaanza kumlinda, na hesabu za miaka ya 2000 zikapita 20,000. Unalipa kiingilio kidogo, unatembea na kijana wa pale, unainua kichwa na kuwaona wamening'inia kama maembe yaliyokomaa, wanagombana, wanajipepea kwa joto. Jioni wanaondoka wote kwa pamoja kwenda kula. Mbingu inakuwa mabawa matupu. Nitakwambia kweli, nywele zilinisimama kidogo.

Usiku ule nikamuuliza mjomba moja kwa moja kama uchawi upo. Alikuwa anachambua karafuu chini ya taa, vidole vinakwenda vyenyewe, maua huku, makonyo kule. Hakukasirika. "Tungekuwa na uwezo huo unousikia," akasema, "bei ya karafuu tungeipanga sie." Kisha akanisukumia fungu langu nichambue. Dakika kadhaa baadaye akaongeza, bila kuniangalia, "Mamaako alipokuja hapa kwa msiba wa bibiako alitwambia kwamba nyie watoto mnacheka mkiitwa Wapemba." Sikujua niseme nini. Hatukuwa tunacheka. Ingekuwa afadhali.

Nikaendelea kuchambua.

Kwa wale mtakaotaka bahari, kaskazini ndiko kwenyewe. Chukua gari ya Konde, kisha utafute usafiri mpaka msitu wa Ngezi, kipande kilichobaki cha msitu uliokuwa umefunika kisiwa. Kuna giza la kijani humo mchana kweupe, na kuna mpapindi, mnazi mwembamba wa mwituni ambao Mungu ameupanda Pemba peke yake. Ukitoka upande wa pili unakutana na ufukwe wa Vumawimbi. Mchanga mweupe, mrefu mpaka macho yanachoka, na siku niliyokwenda mie tulikuwa watu watatu, ng'ombe wanne na ngalawa moja. Hakuna wa kukuuzia shanga, hakuna spika. Beba maji yako na chakula. Mbele zaidi, Ras Kigomasha, kuna mnara wa taa wa chuma wa enzi za Mwingereza, na ukizungumza vizuri na mtunzaji unaweza kupanda. Ngazi zinatetemeka lakini kutoka juu unaona maji ya rangi ambazo sijui majina yake.

Ni huko huko kuna hoteli ambayo tangu mwaka 2013 ina chumba kinachoelea baharini, kitanda kiko chini ya maji, samaki wanakuchungulia dirishani ukiwa umevaa nguo za kulalia. Msanii wa Sweden ndiye aliyekibuni. Bei ni zaidi ya dola 1,000 kwa usiku mmoja. Mie nilikiangalia kutoka ufukweni, bure, nikila muhogo wa kuchoma. Samaki ni wale wale.

Misali nayo usiikose kama mtapatikana watu wa kuchangiana mashua. Ni kisiwa kidogo magharibi ya Chake, kina kasa na matumbawe ambayo wazamiaji wanatoka Ulaya kuja kuyaona. Jina linatokana na msala. Inasimuliwa kwamba Hidhr alifika hapo, akawaomba wavuvi msala wa kuswalia, hawakuwa nao, akawaambia basi kisiwa chenyewe ndicho kitakuwa msala wake. Kwa hiyo kwa wavuvi wa huku kisiwa kile ni amana, si mali ya kuharibu, na tangu 1998 kimewekwa chini ya hifadhi. Wazungu nao wana hadithi yao kwamba haramia Kidd alificha hazina hapo. Nilichimba kwa kidole gumba cha mguu. Nilipata kaa.

Sasa tumbo. Halua ya Wete, ile ya moto inayochotwa sufuriani, pamoja na kahawa chungu barazani saa kumi jioni, hiyo peke yake inatosha nauli. Mkate wa mofa kwa mchuzi wa papa. Supu ya pweza. Januari ni wakati wa shokishoki na doriani, na kuhusu doriani nakutahadharisha: linanuka kama soksi za mpira wa mchangani, lakini ukilipita pua, ulimi unasamehe kila kitu. Usilipandishe kwenye gari ya abiria. Nimejaribu. Nilishushwa.

Mambo machache ya adabu, maana najua wasomaji wangu. Pemba karibu wote ni Waislamu, na wanaishi hivyo. Kaptula iache ufukweni, dada beba mtandio na gauni refu, na usipige picha za kina mama wanaolima mwani bila kuomba. Mambo ya baa na disko sahau. Saa tatu usiku mji umelala. Mie siku mbili za mwanzo nilidhani nitakufa kwa ukimya, ya tatu nikaanza kusikia vitu: mnazi ukiangusha nazi, mtu anakohoa nyumba ya tatu, bahari.

Kitu kimoja cha mwisho cha kuzungukia ni kiwanda cha makonyo pale Wawi, karibu na Chake. Makonyo ni vile vikonyo vinavyobaki ukishachambua karafuu, na hapo vinapikwa kwa mvuke kutoa mafuta. Wenye meno mabovu mnayajua mafuta hayo. Wanakamua pia mchaichai, mdalasini na mkaratusi, na ukiomba unapitishwa kwa ada ndogo. Unatoka unanukia kama pilau la harusi. Halafu jambo la kuzingatia: karafuu Zanzibar hununuliwa na shirika la serikali, ZSTC, na kuzivusha kinyemela ni magendo. Usije ukajidai kumbebea mama kilo tano kwenye begi.

Siku ya saba mjomba akakohoa. "Sasa lile jambo..."

Tukaenda shambani asubuhi. Njiani akanipa historia ambayo shuleni walinirukisha. Mikarafuu mingi ya mwanzo ilikuwa Unguja. Mwaka 1872 kikapiga kimbunga kikaing'oa kule, Pemba ikasalimika, na toka hapo karafuu nyingi za Zanzibar zikawa zinatoka huku. Yetu si ya mabwana wakubwa wala si ya zile eka tatu tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi. Babu aliipanda mwenyewe, mche mmoja kila mtoto alipoingia madrasa, na mingine kwa mazoea tu. Mjomba aliijua yote kama watu. Huu unazaa mwaka hadi mwaka. Huu mvivu. Juu ya huu alianguka ami wa mama, akavunjika nyonga, akaendelea kuuchuma miaka ishirini.

Nilihesabu kumi. Wa kumi na moja ulikuwa umekauka, umesimama mweupe.

Nikapiga simu pale pale, mtandao ukikatika katika. "Ipo kumi mama. Mmoja umekufa."

"Upi?"

"Wa kando ya kisima."

Akanyamaza mpaka nikadhani imekatika. "Huo ndio tulikuwa tunafunga bembea," akasema. "Na huyo mtu anataka jibu lini?"

"Kabla sijapanda meli."

"Wewe umeonaje?"

Mjomba alikuwa amegeukia upande mwingine, anakata kijiti kisichohitaji kukatwa. Nikaitazama ile saluni yangu, viti viwili na kioo kirefu. Nikasema, "Mie nnaona tungoje mavuno mengine, mama." Sikupanga kusema hivyo. Hata lile "nnaona" sikujua limetoka wapi.

"Basi mwambie mjomba wako asubiri," akasema. "Na huo uliokufa, mwambie autoe apande mwingine."

Mjomba akasema mche haupandwi kiangazi, utakauka, mpaka masika. Miche inagawiwa na serikali, atachukua. Lakini shimo tunaweza kuchimba sasa. Nikachimba mie, malengelenge mawili. Alisema ukipandwa masika hii utaanza kutoa baada ya miaka saba hivi, na usiku tukachambua karafuu zilizobaki mpaka saa tano.

Bandarini Mkoani, askari alifungua begi langu. Halua, viatu, kimoja kikiwa na tope la uwanjani, kanga ya mama. Akanusa. "Umebeba karafuu wewe?"

Nikamwambia sina. Akapekua tena, hakuna. Akanusa tena, akanishika mkono, akauinua puani, akacheka.

"Kwenu wapi, yakhe?"

Nikamtajia kijiji.